Bakteria na arkea wasitiwe kapu moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu makala ya ukurasa wa sayansi iliyoeleza jinsi mabaki ya mkonge na kinyesi cha ng'ombe yanavyotoa gesi ya kupikia. Makala ilikuwa nzuri, iliandikwa kwa lugha inayoeleweka, na sisi wakazi wa Tanga tulifurahi kuona Hale inatajwa kwa jambo jingine mbali na bwawa la umeme. Hata hivyo mwandishi alisema mambo mawili ambayo siwezi kuyanyamazia. La kwanza ni kwamba gesi ile hutengenezwa na bakteria. La pili, lililowekwa ndani ya kisanduku pembeni mwa ukurasa, ni kwamba viumbe wote wenye seli moja isiyo na kiini ni jamii moja iitwayo bakteria, na kwamba kinachowatofautisha ni maumbo yao tu: wa mviringo, wa fimbo na wa kujipinda. Wengi wetu tulisomeshwa hivyo hivyo shuleni, chini ya himaya moja ya Monera, lakini elimu hiyo ilianza kubomoka mwaka 1977, ilipotangazwa kwamba baadhi ya viumbe hao ni jamii nyingine kabisa, ambayo leo inaitwa arkea, na kuendelea kuichapisha kuna hasara ambazo mtu anaweza kuziona kwenye mtambo wa biogesi, kwenye shamba la minazi na kwenye chumba cha daktari.

Nilifanya kazi ya maabara katika hospitali za mkoa huu hadi nilipostaafu, kwa hiyo nianze na lile ambalo mikono yangu inalifahamu. Kuwagawa bakteria kwa maumbo kulianza wakati ambapo jicho ndilo lilikuwa chombo pekee cha kupimia. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi, aliwaona viumbe hawa katika miaka ya 1670 kwa lenzi alizozisugua mwenyewe, na karibu karne mbili baadaye, mwaka 1872, Mjerumani Ferdinand Cohn akawapanga kwa maumbo yao. Mwaka 1884 Hans Christian Gram, daktari kutoka Denmark aliyekuwa akifanya kazi Berlin, akapata njia ya rangi ambayo hadi leo hakuna maabara ya hospitali inayothubutu kuiacha. Sampuli inapakwa kwenye slaidi, inaachwa ikauke, inapitishwa juu ya moto ili ishike, kisha inamwagiwa kristali vayoleti, inasuuzwa, inamwagiwa iodini, inasuuzwa tena, ndipo inapofika hatua inayomtenganisha fundi na mwanafunzi, yaani spiriti. Ukizidisha sekunde chache tu, wote wanapauka. Ukifanya haraka mno, wote wanabaki na zambarau. Mwishoni inawekwa rangi nyekundu. Bakteria wenye ukuta mnene wa peptidoglikani, wavu wa sukari na vipande vya protini, hubaki na zambarau yao, na wale wenye ukuta mwembamba uliofunikwa kwa nje na utando wa pili huipoteza zambarau hiyo na kuchukua wekundu.

Njia hii humsaidia daktari ndani ya nusu saa, na sina nia ya kuidharau. Lakini inachopima ni ukuta, haipimi nasaba. Bakteria wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alimtangaza mwaka 1882, ana nta nyingi ukutani mwake kiasi kwamba rangi za Gram hazimwingii vizuri, na ndiyo maana makohozi hupakwa rangi nyekundu ya karbolfuksini, yakapashwa moto, yakaoshwa kwa asidi, kisha yakawekewa bluu, ili kile chekundu kitakachobaki kisimame peke yake mbele ya macho. Ukifuata nasaba, hata hivyo, huyu yumo katika ukoo mmoja na bakteria wa udongoni wanaotupatia dawa ya streptomaisini, ambao kwa Gram ni zambarau safi. Mikoplasma nao hawana ukuta kabisa, kwa hiyo hupokea wekundu na huhesabiwa pamoja na wageni, ilhali ndugu zao wa karibu ni wale wa zambarau ambao ukoo wa mikoplasma uliwaacha ulipopoteza ukuta. Hao nitawarudia, kwa sababu mmoja wao anatumalizia minazi.

Swali la nani ni ndugu wa nani lilipata jibu kutoka mahali ambapo hadubini haifiki. Kila seli hai, iwe ya mnazi, ya kuku au ya kijidudu, ina ribosomu, chombo kinachounganisha protini, na ndani ya ribosomu mna RNA, molekuli ndugu ya DNA, ambayo hubadilika polepole mno, kwa kuwa seli ikiharibikiwa hapo haiishi. Carl Woese na George Fox, wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, waliikata RNA hiyo kwa kimeng'enya ikawa vipande vifupi, wakavitenganisha na kuvisoma kimoja kimoja kwenye filamu, kisha wakalinganisha orodha ya kiumbe huyu na ya yule. Kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha macho, na Woese aliifanya kwa miaka mingi wakati wenzake wakiona anapoteza muda. Alipofika kwa viumbe watoao methani, ambao mwenzake Ralph Wolfe alikuwa akiwalea hapo hapo chuoni, vipande ambavyo alivitarajia kwa kila bakteria havikuwamo. Havikuwamo pia vile vya viumbe wenye kiini. Mwaka 1977 wakatangaza kwamba hawa ni kundi la tatu la uhai, na mwaka 1990 Woese, pamoja na Otto Kandler na Mark Wheelis, akapendekeza mgawanyo tunaoufuata leo wenye domeni tatu: Bakteria, Arkea, ambamo wamo hao watoao methani, na Yukariota, yaani viumbe wenye kiini, ambayo ndani yake tumo sisi, mimea, wanyama, uyoga na hata vimelea vya malaria.

Msomaji anaweza kuuliza kama tofauti yenyewe ni kubwa kiasi cha kuandikiwa barua gazetini. Ni kubwa. Arkea hawana peptidoglikani hata kidogo, kwa hiyo penisilini, inayovuruga ujenzi wa ukuta huo, haina mahali pa kuwashika. Mafuta ya utando wao yamefungwa kwa kifungo cha kikemia ambacho si kile cha bakteria wala cha kwetu. Kimeng'enya chao cha kunakili vinasaba kinafanana zaidi na cha binadamu kuliko cha bakteria. Mwaka 2015 watafiti walitangaza vinasaba vya arkea kutoka kwenye tope la chini ya bahari, karibu na chemchemi ya moto kati ya Norway na Greenland, na ndani yake mkawa na vinasaba vya protini ambazo zamani zilidhaniwa kuwa ni za viumbe wenye kiini peke yao. Tangu hapo ushahidi umezidi kuonyesha kwamba seli ya mtu, ya mnazi na ya uyoga ilitokana na arkea aliyemkaribisha bakteria ndani yake, na bakteria huyo ndiye mitokondria ya leo. Anayewaweka arkea na bakteria chungu kimoja kwa sababu wote hawana kiini anawatenga arkea na jamaa zao wa karibu, ambao ni sisi.

Sasa nirudi Hale. Jani la mkonge likipita kwenye korona, yaani mashine ya kutenganisha nyuzi na nyama ya jani, nyuzi zinazopatikana ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake, na kilichobaki ni maji na nyama ya jani ambavyo kwa miaka mingi vilitupwa vikioza na kuchafua mito. Ndani ya mtambo wa biogesi mabaki hayo hupita katika mikono ya viumbe wa aina mbili. Wa kwanza ni bakteria kweli kweli, tena wa aina nyingi: wanavunja nyuzinyuzi kuwa sukari, wanachachusha sukari kuwa asidi, na asidi kuwa siki, haidrojeni na kaboni dayoksaidi. Hapo kazi yao inakoma. Methani yenyewe, ile inayowaka jikoni, inatengenezwa na arkea peke yao. Wapo wanaoitoa kwenye siki, na wapo wanaounganisha haidrojeni na kaboni dayoksaidi. Katika mtambo wote hakuna bakteria mwenye uwezo wa kuifanya hatua hiyo kwa niaba yao.

Mfugaji mwenye ng'ombe wawili wa ndani pale Muheza anahitaji kulijua jambo hili kuliko mwanafunzi wa chuo. Bakteria wa asidi huzaliana haraka na huvumilia mengi, lakini arkea wa methani huzaliana taratibu, huuawa na hewa ya oksijeni, na hupunguza kazi asidi inapozidi. Mtu akijaza mtambo kwa pupa, labda kwa kutupia maganda na makombo ya siku nyingi kwa mara moja, bakteria wanatengeneza asidi haraka kuliko arkea wanavyoweza kuila, mtambo unachacha, na gesi inayotoka haishiki moto kwa sababu sehemu kubwa yake ni kaboni dayoksaidi. Ushauri wa makala yenu kwamba mtambo ukizorota "uongezewe bakteria" ungempeleka mfugaji huyo upande usiofaa, maana bakteria anao tele. Anachotakiwa kufanya ni kusimamisha ulishaji, kuwapa arkea muda, na kuongeza kinyesi kibichi cha ng'ombe, kwa kuwa tumbo la ng'ombe ni makazi ya arkea hao hao. Ng'ombe akicheua na kubeua, methani inayomtoka mdomoni imetengenezwa nao. Sisi wenyewe tunao matumboni, na hadi sasa hakuna arkea hata mmoja aliyethibitishwa kuwa chanzo cha ugonjwa wa binadamu. Kwa nini iwe hivyo ni fumbo zuri, na ningependa kuona vijana wetu wakilifanyia kazi.

Yapo mengine ya pwani yetu ambayo kisanduku kile kingeweza kuyaeleza kama kisingekuwa na haraka. Anayepita kwenye mashamba ya chumvi wakati wa jua kali huona vidimbwi vya mwisho, vile ambavyo chumvi inakaribia kuganda, vimegeuka rangi ya waridi au nyekundu. Sehemu ya rangi hiyo inatoka kwa mwani mdogo wenye kiini uitwao *Dunaliella*, na sehemu kubwa inatoka kwa arkea wapendao chumvi. Maji ya bahari yana chumvi asilimia 3.5 hivi, hawa hustawi inapozidi asilimia 20, na ukiwatia kwenye maji yasiyo na chumvi wengi hupasuka. Mmoja wao, ambaye Anthony Walsby alimweleza mwaka 1980 kutoka kidimbwi cha Sinai, ni bapa na ana pembe nne kamili, umbo ambalo halimo katika yale matatu ya mwandishi wenu. Arkea hawa husafiri ndani ya chembe za chumvi ya jua, katika vitone vidogo vya maji vilivyonaswa humo, na ndio wanaomfanya papa wa chumvi aliyewekwa mahali pa joto na unyevu aote wekundu na kuanza kunuka. Wauza samaki wetu wanaujua wekundu huo kwa macho tangu zamani. Mwenye jina la kisayansi linalojulikana zaidi kati yao anaitwa *Halobacterium salinarum*, jina alilopewa kabla ya 1977, na sheria za majina hazikuruhusu libadilishwe kwa sababu tu limegeuka kuwa la uongo.

Nitahadharishe hapa, kwa sababu kosa la kinyume nalo limeanza kuenea: si kila kiumbe wa mahali pa taabu ni arkea, wala arkea hawaishi mahali pa taabu tu. Wamejaa katika maji ya kawaida ya bahari na katika udongo wa shamba. Na *Thermus aquaticus*, ambaye Thomas Brock na Hudson Freeze walimweleza mwaka 1969 kutoka chemchemi za moto za Yellowstone nchini Marekani, ni bakteria. Kimeng'enya chake kisichoharibiwa na joto ndicho kilichowezesha kipimo cha PCR ambacho watu wote walikisikia wakati wa Uviko. Kwa hiyo mtu akichota maji ya moto ya salfa pale Amboni asidhani ameshika arkea mpaka vinasaba vimsemee.

Tope la mikoko nalo lina somo lake. Akina mama wanaofukia makumbi ya nazi ufukweni na kuyaacha kwa miezi kabla ya kuyaponda ili wapate usumba wa kusokota kamba wanawatumia bakteria wanaokula pektini, gundi inayoshikamanisha nyuzi. Ukifukua shimo la namna hiyo unakutana na tope jeusi na harufu ya mayai viza, ambayo ni haidrojeni salfaidi, na hiyo ni kazi ya bakteria wanaopumua salfeti ya maji ya bahari pale ambapo oksijeni haipo. Salfeti ikiwapo kwa wingi, bakteria hao huwahi haidrojeni na siki kabla arkea wa methani hawajavifikia, na ndiyo sababu tope la bahari linanuka sana lakini halitoi gesi nyingi ya kuwaka, tofauti na tope la mashamba ya mpunga. Tena ni kwenye majani yaliyozama ya mikoko, huko Guadeloupe, alikopatikana bakteria mkubwa kuliko wote wanaojulikana, *Thiomargarita magnifica*, aliyetangazwa mwaka 2022, mwenye seli moja inayofikia urefu wa sentimita 2. Anaonekana bila hadubini. Ule usemi kwamba bakteria ni yule asiyeonekana kwa macho nao uwekwe kando.

Ndani ya bakteria wenyewe nasaba ina faida kubwa, na mfano ninaoupenda uko milimani juu yetu. Mwaka 1905 Robert Koch, yule yule wa kifua kikuu, alikuwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki akichunguza homa ya papasi, na Amani, ambako kituo cha utafiti kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1902, ni miongoni mwa mahali alipofanyia kazi katika safari zake za miaka hiyo. Alionyesha kwamba papasi jike hurithisha vimelea hivyo kupitia mayai yake. Kimelea chenyewe ni spiroketi, bakteria mwembamba aliyejisokota, aitwaye leo *Borrelia duttonii* kwa kumbukumbu ya Everett Dutton, aliyekuwa akichunguza homa hiyo hiyo nchini Kongo na akafia huko mwaka huo wa 1905. Sisi wa maabara tulimfahamu kwa bahati: unatafuta malaria kwenye slaidi ya damu ya mgonjwa mwenye homa inayokuja na kuondoka, huoni malaria, mara unaona nyuzi za zambarau zilizopindapinda katikati ya chembe nyekundu.

Spiroketi wengine ni *Treponema pallidum* wa kaswende na *Leptospira* wa homa ya mgunda, ile iliyozua taharuki huko Lindi mwaka 2022. Ukizitazama njia zao, hakuna kinachozifanya zikae pamoja, kwa maana moja huletwa na papasi, nyingine huambukizwa kwa kujamiiana, na ya tatu hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine. Nasaba ndiyo inayoziweka pamoja, na nasaba hiyo inatabiri mambo. Wote watatu wana mikia yao ya kuogelea ndani, kati ya utando na utando, ndiyo maana husonga kwa kujizungusha. Wote watatu ni wembamba mno kwa Gram. Na katika magonjwa yote matatu mgonjwa aliyepewa antibiotiki inayostahili anaweza kuchafukiwa na hali saa chache baada ya dozi ya kwanza, akapata homa kali na kutetemeka, si kwa sababu dawa imemkataa bali kwa sababu spiroketi wanakufa kwa wingi na kumwaga vitu vyao kwenye damu. Muuguzi anayejua kwamba hawa ni ndugu hatashtuka akaisimamisha dawa.

Lipo lalamiko moja dhidi ya wataalamu wa uainishaji ambalo nakubaliana nalo nusu. Majina hayatulii. Mwaka 2020 jenasi ya *Lactobacillus*, ambayo wengi wao tunawafahamu kwa kazi ya kugandisha maziwa, ilivunjwa na kugawanywa katika jenasi 25, na mwaka 2021 majina ya faila, yaani makundi makubwa ya bakteria, yakabadilishwa, ambapo Firmicutes wakawa Bacillota na Proteobacteria wakawa Pseudomonadota, jina ambalo mimi binafsi naliona halina ladha. La maziwa lina haki yake, kwa sababu spishi zilizokuwa zimerundikwa katika jenasi ile moja zilitofautiana kivinasaba kupita kiasi. La faila ningeliacha lilivyokuwa, kwani hakuna aliyekuwa akichanganyikiwa.

Lakini wataalamu hao hao hujua pia kuinamia maisha ya watu. Lushoto inaikumbuka tauni, iliyoibuka huko mwaka 1980 na kurudi tena na tena kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwenye slaidi bakteria wake, *Yersinia pestis*, amekolea rangi kwenye ncha mbili na kufifia katikati, akafanana na pini ya kufungia nepi. Kwa vinasaba huyu ni tawi tu la *Yersinia pseudotuberculosis*, bakteria asiyetisha hata kidogo kwa kiwango hicho, na kanuni za nasaba zingemfanya awe nususpishi yake. Mwaka 1985 kamati ya kimataifa ya majina ilikataa jina hilo la nususpishi, kwa hoja kwamba mtu aliyepokea karatasi ya majibu angeweza kusoma nusu yake na kuchukulia tauni kimchezo. *Shigella* wa kuhara damu naye kwa vinasaba ni *Escherichia coli*, na ameachiwa jina lake kwa sababu kama hiyo. Kimeta nacho kinatofautiana na bakteria wa kawaida wa udongoni, *Bacillus cereus*, hasa kwa pete mbili za vinasaba zinazobeba sumu na ganda lake. Pete kama hizo bakteria hupeana, hata asiye ndugu kwa asiye ndugu, na ni kwa njia hiyo usugu wa dawa husambaa wodini. Nasaba haisemi kila kitu. Hapo lazima mtu aangalie pia alichokibeba kiumbe huyo wakati huo.

Ndugu Mhariri, mwishoni mwa makala ile mliahidi kwamba toleo lijalo litahusu kufa kwa minazi, na hapo ndipo ninapoomba mwandishi wenu awe mwangalifu. Ugonjwa wa kunyong'onyea umeangusha minazi mingi katika ukanda wetu wa pwani: nazi changa zinapukutika, karara zinakuwa nyeusi, makuti yanageuka manjano kuanzia ya chini, na hatimaye kilele chote kinadondoka na kuacha gogo limesimama. Wakulima wengi wanaambiwa ni fangasi na kuuziwa dawa ya kunyunyizia. Chanzo chake ni fitoplasma, bakteria wasio na ukuta, jamaa wa wale mikoplasma niliowataja, wanaoishi ndani ya mirija inayosafirisha sukari ya mmea na ambao kwa kawaida huhamishwa na wadudu wafyonzao utomvu. Magonjwa ya namna hii yalidhaniwa kuwa ya virusi hadi mwaka 1967, watafiti wa Japani walipowaona kwa hadubini ya elektroni. Majina yao hutanguliwa na neno *Candidatus*, kwa sababu bado hawajakidhi sharti linalotaka kila spishi mpya ya bakteria iwekwe ikiwa hai katika hifadhi mbili za nchi mbili tofauti, na hawa wamekataa kulelewa kwenye chupa kwa namna ya kuaminika.

Nasaba yao ndiyo inayosema nini kitafanya kazi na nini ni kupoteza fedha. Dawa ya fangasi haiwahusu. Penisilini haiwahusu, kwa kuwa hakuna ukuta wa kuvuruga. Tetrasaiklini, inayozuia ribosomu za bakteria, ikidungwa kwenye shina hutuliza dalili za magonjwa ya namna hii, na watafiti wameitumia kama ushahidi kwamba aliyemo ndani ni fitoplasma. Lakini haiponyi, dalili hurudi dawa ikisimama, na hakuna mkulima wa Pangani atakayedunga minazi mia moja kila baada ya miezi michache. Kinachobaki ni kuuondoa mnazi ulioathirika mapema na kupanda miche iliyotoka kwenye mbegu zilizoonyesha ustahimilivu, kwa ushauri wa watafiti wa minazi wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, Dar es Salaam. Naomba toleo hilo liseme hivyo, na kisanduku cha pembeni safari hii kiwe na domeni tatu.

Wako,
Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Chumbageni, Tanga.